Darubini ya kuwindia: 8x42 au 10x50?

Kijana wa Ipuli: Wakuu, heshima mbele. Kibali kimetoka, naingia pori la Sikonge wiki ijayo. Jamaa ananiuzia darubini, anazo mbili: 8x42 na 10x50. Nichukue ipi?

Mwana Urambo: Mkuu, mbona hujamaliza? Bei gani? Mpya au zimetumika? Unavaa miwani? Kibali ni cha mnyama gani?

Mzee wa Kitunda: Chukua 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Kwenye miyombo mnyama unamkuta karibu, kajificha nyuma ya vigogo, kwa hiyo unahitaji kuona eneo pana. Ukikuza mara 10 eneo linapungua, na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa. Kwa mwanga wa alfajiri zinakaribiana: gawa 42 kwa 8, halafu 50 kwa 10, zote zinaleta jichoni duara la mwanga la milimita 5 hivi. Ila hiyo ya 50 ni nzito, jioni shingo itakuuma.

Nzega Moja: Shikamoo Mzee, hapo nakupinga. Kiangazi majani yamepukutika, na ukitokea mbugani unatazama mbali. Kumi ni kumi.

Mwana Urambo: Zote mbili bure kama ni feki. Mimi niliuziwa moja imeandikwa 60x60, lenzi nyekundu zinawaka. Nikaibeba kwenye pikipiki, njia yote makorongo. Kufika kambini naona kila kitu viwili viwili, prizimu, vile vioo vya ndani, zimehama. Mvua ya kwanza, ukungu ndani ya kioo. Na kibali changu kilikuwa cha palahala dume, yule swala mkubwa! Jike naye ana pembe. Dume mzima ni mweusi, jike ni wa hudhurungi. Kivulini, kwa kioo kile, wote weusi. Nimekaa chini ya mninga karibu saa nzima, kidole mbali na kifyatulio, mpaka wakaondoka. Sikupiga, na sijutii kutopiga. Pesa ndiyo inaniuma mpaka leo.

Nzega Moja: Si ungetazama kwa skopu tu, ile darubini ya juu ya bunduki?

Mzee wa Kitunda: Hapana kabisa, mwanangu! Ukitazama kwa skopu umeshaelekeza mtutu. Pori lile lina warina asali, asubuhi na jioni. Kitu kinachotikisa kichaka kinaweza kuwa baba wa watu. Darubini kwanza, bunduki baadaye.

Mtoto wa Ujiji: Huku Kigoma ziwani tunapenda 7x50. Mtumbwi ukicheza picha inatulia, na jioni inavuta mwanga vizuri.

Mzee wa Kitunda: Sikonge hakuna mtumbwi, mwanangu.

Kijana wa Ipuli: Samahani wakuu. Kongoni na pongo. Miwani navaa. 8x42 anataka 280,000, imetumika.

Mwana Urambo: Miwani ndiyo ungeanza nayo! Shusha raba za machoni, la sivyo utaona kaduara kadogo. Ijaribu kabla hujalipa: fumba jicho la kulia, lenga kwa gurudumu la katikati, kisha fumba la kushoto, rekebisha pete ya jicho la kulia. Tazama bati la mbali. Ukiona mabati mawili, mrudishie. Na pongo jike hana pembe, ila kongoni wote wanazo, hapo tuliza macho.

Mtoto wa Ujiji: Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o watakumaliza.

Nzega Moja: Kweli, mbung'o wa Sikonge! Wanapenya hata jinzi. Nyie mnatumia nini?

Mzee wa Kitunda: Moshi wa kinyesi cha ng'ombe kambini. Njiani ni kuvumilia.

Kijana wa Ipuli: Jamaa kanipigia, 8x42 kuna mtu anaitaka leo. Hiyo 10x50 nayo kapunguza…