Msimu wa korosho: nyie mnajitunzaje?

Mama Wawili, Mikindani
Shoga zangu, naamka saa kumi alfajiri, nakoroga uji, watoto wakishaenda shule nabangua korosho za oda mpaka magharibi. Vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda, mgongo hauinuki. Jana nimekunywa kikombe kimoja cha maji kutwa nzima! Nisaidieni.

Bibi wa Newala
Pole mwanangu. Anza na mikono. Pakaa majivu au mafuta ya kupikia kabla hujagusa ganda. Yale mafuta yanaunguza ngozi. Na usikae kigoda kifupi kutwa, inuka kila ukijaza bakuli.

Muuza Samaki, Shangani
Mie chupa ya lita moja na nusu iko pembeni ya beseni, adhuhuri isinikute na maji ndani. Jioni natembea ufukweni nusu saa, simu naiacha nyumbani. Mwanzoni mume alinuna, sasa yeye ndiye anayepakua wali.

Mama Wawili
Bibi, shikamoo, na asante. Leo nimepaka majivu, vidole havijawasha. Mwanangu wa kwanza nimemwachia vyombo, nikalala saa tatu.