Wanafunzi wa Kibulushi wanaobeba mapicha barabarani, wanadai nini hasa?

Mjukuu wa Ngamiani
Wakuu salama? Bibi yangu mzaa mama ni Mbulushi, wazee wao walikuja pwani kama askari wa masultani wa Oman, kwahiyo Mabulushi wakitajwa popote mie lazima nisikilize. Juzi nikaona klipu, wasichana wamekaa chini barabarani huko Quetta, Pakistani, kila mmoja kapakata picha ya mwanaume kwenye fremu, nikaambiwa ni wanafunzi wanadai ndugu zao ambao wanasema walichukuliwa na vyombo vya dola wasionekane tena. Nikamuonyesha bibi, akasema "hao wamenyimwa matanga" basi akanyamaza. Sasa swali langu, kwanini wanafunzi ndo wako mbele na sio wazee? Na kwanini wanaochukuliwa wengi ni wanafunzi? Wajuzi karibuni, za Simba na Yanga pelekeni kule kwao.

Binti Sahare
Mleta mada, wanafunzi wako mbele kwasababu huko siasa ya Mabulushi imelelewa vyuoni. Chama chao cha wanafunzi, BSO, kipo tangu 1967, na viongozi wengi wa jimbo lao la Balochistan wamepitia humo. Kwahiyo ukitaka kuinyamazisha Balochistan unaanzia hosteli. Zakir Majeed alikua makamu mwenyekiti wa BSO-Azad, tawi la BSO linalotaka uhuru, akachukuliwa mji wa Mastung Juni 2009. Mwaka 2014 ikawa zamu ya mwenyekiti mwenyewe, Zahid Baloch, hapo Quetta, na kijana mwenzao Latif Johar akagoma kula siku 46 nje ya klabu ya waandishi Karachi.
Ila aliyenigusa mie ni dada yake Zakir, Farzana, alikua msomi wa baiokemia huyo, akaacha vitabu akaanza kumtafuta kaka. Oktoba 2013 akatoka Quetta kwa miguu na Mama Qadeer na watu wachache tu, mpaka Karachi, halafu mpaka Islamabad, zaidi ya kilomita 2,000, wakafika mwishoni mwa Februari. Na msidanganyike na jina, Mama Qadeer ni mwanaume, wakati huo mzee wa miaka 70 na ushee, "mama" kwao ni mjomba 😂 mwanae alichukuliwa 2009, maiti ikaokotwa 2011.

Kapteni wa Deep Sea
Tusisikilize upande mmoja jamani. Serikali yao inasema wengi wa hao "waliopotea" wapo milimani na waasi wanaotaka jimbo lijitenge au wametorokea nje. Na waasi wapo kweli, Machi 2025 si waliteka treni nzima yenye mamia ya abiria? Wanaua hadi vibarua wa mkoa mwingine waliokuja kutafuta riziki. Nchi gani itakaa iangalie tu.

Binti Sahare
Kapteni hakuna anayetetea kuteka treni. Ila katiba yao wenyewe, ibara ya 10, inasema mtu akikamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya masaa 24. Basi mfikishe! Hafeez Baloch alikua anasoma fizikia chuo kikuu Islamabad, akarudi kwao Khuzdar, Februari 2022 akachukuliwa mbele ya watoto aliokua anawafundisha tuisheni. Wenzake wakapiga kambi Islamabad kumdai, baadae ndo akaibuka mikononi mwa polisi na kesi ya baruti, na mahakama ikamwachia. Sasa bila ile kambi unadhani tungesikia hata jina lake?
Na hao wasichana wa kwenye klipu mleta mada, wengine ni watoto wa waliochukuliwa 2009, wamekulia kwenye maandamano. Mahrang Baloch alikua wa shule baba yake alipochukuliwa, maiti ikapatikana 2011, yeye akasoma udaktari na ndo akaja kuongoza msafara wa kwenda Islamabad Desemba 2023. Machi 2025 na yeye akawekwa ndani.

Ustadhi Tongoni
Hilo neno la bibi yako nimelikalia tangu asubuhi. Baba yangu mdogo alitoka na ngalawa kipindi cha kusi hakurudi, tukangoja tukangoja, mwisho masheikh wakasema aswaliwe ghaibu, hitima ikasomwa, mkewe akakaa eda ikaisha maisha yakaendelea. Lakini bahari haijawahi kukataa kwamba imemchukua. Hao wenzetu wakisoma hitima ni kama wamemuua wenyewe, wasiposoma mke hajui ni mke au mjane, shamba halirithiwi, binti anaolewa walii wake hajulikani yuko hai au vipi. Kwa sheria ya dini mtu huyo ni mafkudi, yaani aliyepotea hajulikani yu hai au kafa, na kuna masheikh wanaosema mke angoje miaka minne. Tangu 2009 ni miaka mingapi?
Sisi Tanga tuna mzee wetu Ali Kibao, Septemba 2024 alishushwa kwenye basi akija huku, kesho yake ikapatikana maiti. Iliuma wallahi. Lakini tulimzika.

Kapteni wa Deep Sea
Hapo kwa mafkudi ustadhi sina la kujibu.

Mjukuu wa Ngamiani
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea bibi yote, hiyo ya Mama kua mjomba kacheka kweli, anasema babu yake alikua anaita hivyohivyo. Halafu kaniuliza, huyo kaka yake Farzana kesharudi? Nikamwambia bado. Kasema weka simu chini tule.