Nyumbu walikuwa jirani na ukweni, wakala kanipeleka Ndutu mwezi wa sita

Wakuu, huu uzi nimeuandika mara mbili nikafuta. Wa kwanza ulikuwa na matusi, wa pili ulikuwa na jina la kampuni. Jina silitaji kwa sababu bado nawadai na sitaki wapate kisingizio. Huu wa tatu nimeuandika baada ya kula.

Wavivu wa kusoma chukueni hii: nimetoa dola 1,950, karibu milioni tano za jasho, kumpeleka mama mkwe Serengeti akaone nyumbu. Tukaonyeshwa vumbi.

Mwezi wa sita shule zimefungwa. Ukweni kwangu ni Musoma, na kulikuwa na arobaini ya mjomba wa mke wangu, kwa hiyo safari ya kutoka Dar ilikuwepo tu. Nikasema msiba umemkalia vibaya mama, tukimaliza shughuli nimtoe akapumzishe macho. Mama ana miaka 66, kazaliwa mkoa wa Mara, na hajawahi kulipa kiingilio ili akamtazame mnyama. Tembo anamjua kama mwizi wa mahindi. Alipoambiwa kuna watu wanapanda ndege kuja kuangalia nyumbu, aliuliza kama kwao hakuna ng'ombe.

Wakala nilimpata mtandaoni. Tangazo lilikuwa na picha ya nyumbu wanaruka mtoni na maandishi "Ofa ya wazawa". Nikapiga simu. Dada mmoja sauti tamu, akaniambia nyumbu ndiyo wameshika kasi, tutalala usiku mmoja Ndutu, kule kusini mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, "palepale katikati ya msafara" na usiku mmoja Seronera, katikati ya Serengeti. Nikamwambia tutakuwa Musoma. Akasema haina shida, njooni Arusha, Serengeti inaingiliwa Arusha.

Nikawapa taarifa ukweni. Mama mkwe akauliza kwa upole wake: "Baba Neema, si pale Ndabaka kuna geti? Tukienda Mwanza huwa tunalipita." Nikacheka, wakuu. Nikamjibu, mama, waachie wataalamu.

Sasa kwa wasiojua ramani. Geti la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Kutoka ukweni ni chini ya saa mbili, lami tupu. Lingine ni Ikoma, unapitia upande wa Mugumu. Mimi nikayaacha yote mawili, nikaipakia familia kwenye basi la Musoma–Arusha. Na basi hilo, kama hujawahi kulipanda, linapita wapi? Ndani ya Serengeti! Linaingia Ikoma, linakata Seronera, linatokea geti la Naabi, linapanda Ngorongoro, ndiyo lishuke Karatu. Yaani nimelipa nauli na hela ya geti kuivuka hifadhi nzima, ili nilale Arusha, ili kesho yake nilipie tena kurudi nilikotoka. Watoto walimwona twiga kupitia dirisha la basi. Yule mdogo akauliza, "Baba, hii ndiyo safari au bado?" Nikamwambia bado.

Asubuhi Arusha tuliambiwa tuwe tayari saa 12. Gari ilikuja saa 3. Dereva mtu mzima, mstaarabu, yeye simlaumu na msije mkamsema hapa. Pale kwenye ukingo wa Ngorongoro ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita, ukungu huoni hata boneti, na wanangu wamevaa fulana kwa sababu dada sauti tamu alisema "huko ni joto, beba nguo nyepesi". Mama mkwe akavua khanga ya juu akawafunika wote wawili.

Lakini kabla ya baridi kulikuwa na geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka. Afisa akauliza, wazawa au wageni? Wazawa. Vitambulisho vya NIDA? Hakuna aliyetuambia tubebe NIDA. Bahati mimi na mke wangu tunatembea navyo, na mama alikuwa amekifunga chake kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya nauli. Wakati dereva anashughulikia malipo, mimi nikasoma bei. Mtu mzima wa Afrika Mashariki, 10,000, na kodi inakuwa 11,800. Nikafungua simu nikaangalia mchanganuo niliotumiwa wasapu.

Nilitozwa dola 70.8 kila mtu mzima kuingia Ngorongoro. Mara mbili, kwenda na kurudi. Na dola 82.6 kila mtu mzima kuingia Serengeti. Hizo ni bei za mgeni kutoka nje, hadi senti! Sisi watu wazima tulikuwa watatu. Pigeni hesabu wenyewe: dola 672 na ushee. Kwa bei ya mzawa, viingilio vyote vile vitatu kwa watu wazima watatu ni 106,200. Shilingi. Tofauti inazidi milioni moja na laki tano, na watoto sijawagusa. "Ofa ya wazawa."

Nikampigia dada. Akasema, "Kaka, hiyo ni bei ya mfumo." Nikamuuliza mfumo gani, nimesimama mbele ya mfumo, mfumo unasema 11,800. Mtandao ukakata. Au alikata yeye.

Tukafika Ndutu jioni. Nitakuwa mkweli, ni pazuri, ziwa, migunga, twiga wawili wamesimama kama wametegeshwa wapigwe picha. Ila nyumbu? Nilimwona mmoja. Mmoja, mzee, anachechemea, nadhani wenzake walimwacha. Uwanda wote ule kavu, vumbi linanyanyuka lenyewe. Mama mkwe akatazama pande zote nne, akasema, "Hapa hakuna hata cha mbuzi."

Usiku kwenye moto nikamkalia dereva. Nikamwambia mzee wangu, sema kweli, nyumbu wako wapi? Akanyamaza kidogo, ndiyo akanieleza, na haya ndiyo maelezo ambayo ningeyalipia kwa furaha. Ndutu na ule uwanda wa kusini ni wa Januari hadi Machi. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, nyasi zake fupi zina madini, ndiyo maana wanakwenda kuzalia huko, na Februari ndama wanaanguka kwa maelfu kila siku. Mvua za masika zikikata hakuna maji, hawana cha kungoja. Mwezi wa tano kwenda wa sita wanasogea kaskazini na magharibi, upande wa mto Grumeti, Kirawira, Ikoma. Kuvuka mto Mara kule Kogatende, ile ya kwenye tangazo, ni kuanzia Julai hivi hadi Oktoba. Nyumbu hawafuati kalenda, wanafuata mvua, kwa hiyo wiki zinaweza kupishana. Lakini Ndutu mwezi wa sita, alisema, "hiyo ni ratiba ya Februari, mzee, wamebadilisha tarehe tu. Mimi naendesha nilikoambiwa."

Kirawira! Ukiingilia Ndabaka ndiyo unaelekea huko. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni kasikia yote. Hakusema neno, akaenda kulala. Waliooa wanajua ukimya ule.

Nikasema basi, kesho tunaingia Serengeti, tunanyoosha hadi Kirawira. Asubuhi na mapema tuko Naabi. Tumekaa Naabi hadi saa 8 mchana. Kisa? Hifadhi hazipokei fedha taslimu getini, lazima malipo yaingie kwenye mfumo kwa namba maalumu, na bosi Arusha hajalipia. Simu haipokelewi. Magari yanakuja yanapita, wazungu wanatupungia mkono, sisi tunakula lanchi boksi ya kesho. Na kibali kinahesabiwa saa 24 tangu unapoingia. Umeingia saa 8, kesho saa 8 uwe umetoka. Kutoka Naabi hadi Seronera tu ni saa nzima na zaidi, mwendo kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na giza likiingia huruhusiwi kuzurura. Kirawira ikafa hapo.

Seronera yenyewe sitaisema vibaya. Chui tulimwona, kalala juu ya mti miguu inaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Simba sita. Usiku kambi ya Pimbi haina uzio, fisi wanapita nyuma ya hema unawasikia wanavyopumua, watoto wangu wanasimulia hilo hadi leo kuliko kitu kingine. Mama mkwe hakulala, alikaa na tochi. Asubuhi akaniuliza kama na hilo la fisi nalo nimelilipia kwa dola.

Saa 8 tukatoka. Safari imekwisha hivyo.

Nimeomba mambo mawili tu: tofauti ya viingilio na risiti za geti. Siku 19 sasa. Kwanza "bosi yuko porini", halafu "mhasibu ana likizo", juzi nimetumiwa ofa ya Septemba yenye punguzo. Leseni ya TALA, ile ya wakala wa utalii, nimewaomba wanitumie, wamenitumia picha ya leseni ya biashara ya halmashauri, wakidhani sijui tofauti. Na ninyi mtakaosema "ungeuliza kwanza", ni kweli, ningemuuliza mtu yeyote swali moja, nyumbu mwezi huu wako wapi, ningeokoka. Sikuuliza. Lakini kosa langu la kutojua halimpi mtu ruhusa ya kunitoza bei ya Mjerumani katika nchi yangu.

Kinachonitafuna ni kwamba kila mwaka tunahimizwa utalii wa ndani, tutembelee hifadhi zetu, na bei ya mzawa kweli wameiweka chini. Halafu katikati anakaa mtu mmoja na simu, anaila yote. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: nani hapa ameshaingilia Ndabaka kwa gari ya kukodi Mwanza au Bunda? Bei gani kwa siku, na je, Noah inavumilia ile barabara au niache kujidanganya? Na malalamiko ya wakala wa utalii, ukiacha wizarani, ni mlango gani unaopokea watu bila kuwazungusha?

Ah, nilisahau. Sisi tulirudi Dar kwa kupitia Arusha, mama mkwe akapanda lile basi kurudi Musoma. Mchana simu ikaita, yeye, kelele nyingi nyuma. "Baba Neema, basi limesimama huku kabla ya Ikoma. Nyumbu wanavuka barabara, hawaishi, dereva kazima gari. Nikupigie picha?"

Picha ninayo. Imetikisika, kioo cha dirisha kina vumbi, lakini ni wao. Wakala akinijibu nitaleta mrejesho.