Re: Jamaa anataka tuchonge fremu ya bastola gereji kwao, mimi nina viza ya mwanafunzi

Baraka, Columbus:

Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi. Nasoma mambo ya mashine chuoni hapa, mwaka wa pili, viza F-1, na kuna jamaa Mmarekani tunafanya naye prakitiko karakana moja, mtu poa hana neno. Kanunua kiti ya bastola (kit, yaani boksi la vipande vya kuunganisha) ile wanaita asilimia 80, yaani fremu haijamalizwa, na gereji kwao kuna mashine ya milingi ya kukatia chuma ya baba yake. Anataka niende nimsaidie kuimalizia maana anasema mkono wangu umetulia kuliko wake, halafu jioni tuende renji, uwanja wa kufyatulia, tukaijaribu. Anasema ni halali kabisa, bunduki ya kujitengenezea mwenyewe haitaki leseni wala namba. Mimi naona ni kazi ya chuma kama kazi nyingine ila roho inasita. Kuna anayejua?

Mzee Kitwana, Houston:

Marahaba mwanangu Baraka. Usiende. Nitakueleza kwa urefu maana hili jambo naliona linawanasa vijana wetu wazuri, wale hasa wenye mikono ya ufundi, sio wahuni.

Huyo rafiki yako hajakudanganya, ila kakusomea sheria yake yeye, ya kwako hajakusomea. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, raia au mwenye grinkadi ambaye hajazuiwa kwa sababu nyingine anaruhusiwa kujitengenezea bunduki ya kutumia mwenyewe bila leseni, ili mradi asifanye biashara. Ndivyo ilivyo tangu ile sheria kubwa ya silaha ya 1968. Lakini sheria hiyohiyo ina orodha ya watu wasioruhusiwa kugusa silaha, na humo ndani yumo mtu aliyeingia kwa viza ya muda, F-1, J-1 ya mabadilishano, H-1B ya kazi, ya utalii, zote. Na neno lenyewe ni kuwa nayo mkononi, sio lazima uimiliki. Ukiishika renji dakika tano umeishika. Risasi nazo vilevile, hata bila bunduki. Adhabu yake tangu 2022 inafika miaka 15.

Na usidhani hizi ni habari za vitabuni. Kuna kesi inaitwa Rehaif. Kijana wa Umoja wa Falme za Kiarabu alikuja kusoma Florida kwa viza ya mwanafunzi, maksi zikawa mbovu, chuo kikamtoa, akabaki. Akaenda renji akafyatua bunduki mbili. Basi, hakumtishia mtu, hakuiba kitu. Akashitakiwa, akapigwa miezi 18. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2019 wakasema serikali ilipaswa kuthibitisha pia kwamba alijua yumo kwenye lile kundi la waliozuiwa. Wengine wakishasikia hapo wanafurahi, wanasema basi mimi nitasema sikujua. Baraka, wewe umeshatuandikia hapa watu wote tumesoma kwamba una F-1, na sasa na mimi nimekujibu.

Halafu jela ni nusu tu ya habari. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kuondolewa nchini, na hapo hata mwenye grinkadi ya miaka 20 hana kinga. Mmarekani mwenzako akikosea atalipa faini, atakula kifungo cha nje, maisha yataendelea. Wewe kosa hilohilo linakupandisha ndege. Mzazi kauza shamba upate ada, unarudi na begi moja.

Kuna mlango mmoja mdogo niutaje, maana najua kuna mtu ataniuliza. Mwenye viza ya muda akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo anaondolewa kwenye katazo hilo. Ndiyo maana mnawaona wageni wanakwenda kuwinda. Ila leseni ina tarehe ya kuisha, na ikiisha usiku wa manane mlango nao umefungwa. Na usiitumie kama ruhusa ya kwenda kuchonga fremu, hapo unakwenda kwenye kina ambacho hata mimi nisingeingia bila kukaa na wakili wa uhamiaji.

Sasa hii asilimia 80. Zamani walikuwa wanasema kipande kisichomalizika ni chuma tu, au plastiki tu, kinauzwa kama unavyonunua bawaba. Ujue bunduki kisheria sio mtutu, sio kitako, ni ule mwili unaobeba mtambo wa kufyatulia, yaani fremu, ndio unaohesabika kuwa silaha hata ukiwa mtupu kwenye meza. Mwaka 2022 ATF, hawa wanaosimamia silaha, wakatoa kanuni kwamba kiti inayoweza kugeuzwa bunduki kwa urahisi ni bunduki tangu ikiwa kwenye boksi, iwe na namba na mnunuzi akaguliwe. Watengenezaji wakaenda mahakamani, na mwezi Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaikubali kanuni, majaji 7 kwa 2. Kwenye ile hukumu walitaja kiti moja ambayo ilimalizwa kwa dakika 21 kwa vifaa vya kawaida. Kwa hiyo hata hiyo ya rafiki yako sijui kainunua wapi na kwa utaratibu gani, huko ni kwake.

Niwaambie na yaliyonikuta. Miaka michache nyuma alikuja kijana wa kwetu gereji kwangu, Jumapili mchana, nina mashine yangu ndogo ya kukereza pale na drili ya kusimama. Kaleta kipande cha aluminiamu kimefungwa kwenye taulo, anasema anko nitobolee matundu mawili tu, nimeshaweka alama. Nikakishika, kizuri kweli, kingo zimenyooka, na alama kapiga vizuri mtoto wa watu, nikamuona anachekelea anavyonitazama nakigeuzageuza. Nikamuuliza karatasi zako zimefikia wapi? Akasema anko nasubiri tu, wameshachukua alama za vidole. Nikakirudisha kwenye taulo nikampa. Aliondoka kanuna, miezi mitatu hakunisalimia msikitini. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na kipaji. Karatasi ya kusubiri sio kadi yenyewe, na mimi ningekuwa nimemtengenezea mwanangu kesi kwa mkono wangu, na mimi mwenyewe pia nimeingia, maana kumsaidia mtu aliyezuiwa ni kosa la peke yake.

Na mkishakuwa raia mkaipenda kazi hii, sawa, ni kazi ya heshima, ila jueni mpaka uko wapi. Kusafisha bunduki yako, kubadili kitako chako, kuweka saiti, hakuna anayekuuliza. Ukianza kutengeneza za watu kwa hela, hiyo ni biashara, unatakiwa leseni ya ATF, dola 200 kwa miaka mitatu, kuihuisha 90, na kitabu cha kuandika kila bunduki inayolala kwako. Sailensa, kile cha kupunguza mlio, ndio wengi wanaumia, wananunua mtandaoni vile vikopo vinavyouzwa eti vya kukinga mafuta ya kusafishia, wakishatoboa tayari wametengeneza sailensa bila kibali. Ile kodi ya dola 200 ya kutengeneza sailensa imefutwa kuanzia Januari 2026, lakini fomu, picha na alama za vidole ziko palepale, na kibali kinatangulia kabla hujagusa chuma. Na vile vidude vya kufanya bastola imwage risasi mfululizo, hata mkononi usikipokee, kile kipande peke yake kisheria ni bunduki ya mashine.

Mama Zuhura, New Jersey:

Shikamoo mzee Kitwana, ahsante sana. Naongezea kwamba alichosema ni sheria ya serikali kuu tu, majimbo yana yao. Huku kwetu New Jersey kununua vipande ujitengenezee bunduki isiyo na namba ni jinai, hata kusambaza faili la kuichapa kwa printa ya 3D wamekataza tangu 2018. California unaomba namba serikalini kwanza, na wamezuia hadi zile mashine za milingi za kompyuta zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya bunduki. Kwa hiyo mtu akihama Texas na boksi lake akaingia huku, amevuka mpaka na kosa kwenye buti.

Swali langu: mimi ni raia, nina bastola kihalali kwa sababu ya kazi yangu ya usiku, mume wangu bado yuko kwenye H-1B. Inakaa kabatini chumbani. Je?

Mzee Kitwana, Houston:

Marahaba mama. Ihamishe leo, usisubiri kesho. Sheria inatambua kumiliki kwa mkono na kumiliki kwa kuweza kuifikia. Kama shemeji yangu anajua ilipo na anaweza kufungua kabati, mwendesha mashitaka anaweza kusema alikuwa nayo. Nunua sefu ya kufunga, namba au ufunguo ubaki kwako peke yako, asijue, na risasi humohumo. Sio kwamba humwamini mumeo, unamlinda. Na asiibebe hata kukusogezea.

Ndugu zetu wa Kongo mlioniandikia pembeni: aliyeletwa kwa mpango rasmi wa wakimbizi hakuingia kwa viza ya muda, kwa hiyo katazo hili la viza halimhusu. Lakini mengine yanamhusu, hasa hili la bangi, jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na anayevuta haruhusiwi silaha. Fomu ya dukani inauliza wazi, ukidanganya hilo ni kosa jingine.

Otieno, Leicester:

Wadau, wa Uingereza msisome ya Marekani mkadhani ni yenu. Huku hakuna kitu kinaitwa kujitengenezea. Bastola karibu zote zilipigwa marufuku 1997 baada ya mauaji ya watoto shuleni Dunblane, na kupatikana na silaha iliyokatazwa kwa mtu mzima inaanzia miaka mitano. Bunduki ya kuwindia unaomba cheti polisi, wanakuja nyumbani wanaangalia kabati lako. Lakini mashine yenyewe hakuna shida, Waingereza wazee wamejaa gereji zao wanakereza injini ndogo za mvuke, zinawaka kabisa zinatembea kwenye reli za bustanini. Mimi nimejiunga na klabu moja, sijawahi kufundishwa chuma vizuri hivyo tangu Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali Nairobi.

Na msitume vipande vya bunduki nyumbani kwenye kontena, tafadhali. Kuna mtu alitaka kumpelekea babake darubini ya bunduki akadhani ni zawadi kama saa.

Mzee Kitwana, Houston:

Kweli kabisa Otieno. Kutoka Marekani vitu hivyo, hata darubini, vina vibali vya kutolea nje, na Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, Kenya mna yenu. Wahunzi wetu wa vijijini wanaochonga magobore wanafungwa kila siku kwa hilihili la kutengeneza bila leseni, na wengine ni mafundi hodari kuliko mimi.

Baraka, mikono ikikuwasha, nunua mashine ndogo ya kukereza, ile ya inchi 7 kwa 14. Anza na nyundo ndogo ya shaba na mpini wa chuma, ukifika kukata nyuzi za mpini ukaona unyoya wa chuma unatoka mrefu haukatiki, utanikumbuka. Picha nitumie.

Baraka, Columbus:

Mzee shikamoo tena, na ahsanteni wote. Nimeshamwambia jamaa, nilimweleza suala la viza, alishangaa, akasema hakuwahi kusikia, akaomba radhi. Jumamosi naenda kwao hivyohivyo lakini baba yake atanionyesha mashine tu, silaha haitakuwepo gereji, nimemuomba hivyo na kakubali. Hiyo ya inchi 7 kwa 14 nimeiona mtu anauza karibu na hapa. Nakaa apatimenti, inatumia umeme wa kawaida au ule wa 220?

Mzee Kitwana, Houston:

Wa kawaida, 110. Usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Na ina kama kilo 40, mtafute mtu wa kushika upande wa pili kwenye ngazi. Jumamosi ukifika gereji, angalia mezani kwanza kabla hujaingia.