Naomba ushauri: taratibu za kazi kwa idara ambazo kazi zake hazifanani

Binti wa Kisauni

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote. Nimekabidhiwa jukumu la kuandika taratibu za kazi za kampuni nzima, nami naomba msaada wa wenye uzoefu kabla sijafika mbali. Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha na uchukuzi hapa Mombasa. Makarani wa hati wako mjini karibu na Moi Avenue, ghala liko Shimanzi, na malori pamoja na karakana viko Changamwe, ambako pia kuna jiko linalowapikia madereva na vibarua. Mkurugenzi anataka kila idara iwe na kijitabu chenye sura moja: kusudi, wahusika, hatua, saini. Anasema mkaguzi akija auone mpangilio mmoja.

Nina shaka, kwa sababu ya yale ninayoyaona kila siku. Lipo jalada nene lililoandikwa na mshauri wa nje, kwa Kiingereza kizito, na makarani hulifungua siku ya ukaguzi tu. Ghalani, kwa upande mwingine, kuna ukurasa mmoja wa kupokea mzigo ambao mtunza ghala aliuandika mwenyewe kwa mkono akaubandika mlangoni, na huo unafuatwa asubuhi na jioni. Hivi karibuni kontena la mteja lilizuiwa kwa kuwa nambari ya sili (lakiri inayofunga mlango wa kontena) kwenye hati haikulingana na ile iliyokuwa mlangoni mwa kontena, na gharama za kuhifadhi zikapanda. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza saini nyingine katika fomu. Sasa fomu hiyo ina saini nyingi, na kila anayetia yake anaamini kwamba aliyemtangulia amekwisha kagua.

Je, sura moja inazifaa idara zote? Nani hasa aandike? Na nitajuaje kwamba utaratibu unafanya kazi, wala si karatasi tu iliyojazwa?

Muuguzi wa Upasuaji

Wa aleikum salaam, dada. Swali lako la tatu ndilo zito, na katika fani yetu limejibiwa kwa vipimo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji. Ina mambo 19 tu, yaliyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kupewa nusukaputi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, moja ikiwa jirani zetu wa Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zote zitumie orodha ya namna hiyo. Watafiti walipolinganisha hospitali 101 kabla na baada ya agizo hilo, katika ripoti ya mwaka 2014, hawakuona punguzo la maana la vifo wala la madhara. Kwenye karatasi, karibu kila hospitali ilisema inaitumia.

Watu wangali wanabishana kuhusu sababu, lakini mimi niliye ndani ya chumba hicho nina maoni yangu. Nguvu ya orodha ile imo katika kule kusimama. Kila mtu anaacha alichoshika, kila mmoja anataja jina lake na kazi yake, tunasema kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, na mwishoni tunahesabu shashi na vifaa. Muuguzi mdogo aliyekwisha sema jina lake mbele ya daktari bingwa huwa mwepesi kusema neno la pili akiona jambo lisilo sawa. Lakini mtu mmoja akijaza visanduku vyote pembeni huku wenzake wakiendelea na kazi, hakuna aliyesimama, na orodha hiyo haimlindi mgonjwa.

Kwa hiyo, dada, saini zenu nyingi zingeweza kugeuzwa kuwa kisimamo kimoja: watu wawili mbele ya kontena, mmoja asome nambari ya sili iliyo kwenye chuma, mwingine aifuate kwenye hati, papo hapo, kabla lori halijawashwa. Msitie saini mezani mahali ambapo kontena halionekani.

Mstaafu wa Port Reitz

Mwanangu, nimefanya kazi ya ufundi wa ndege hadi kustaafu, na ningependa kuongeza jambo moja katika maneno mazuri ya muuguzi.

Orodha za marubani zilipata nguvu baada ya ajali ya tarehe 30 Oktoba 1935 huko Dayton, Marekani, ambako ndege mpya ya Boeing ilianguka mara tu baada ya kupaa, kwa kuwa kufuli ya usukani iliyowekwa ndege ikiwa chini haikufunguliwa. Aliyekuwa akiirusha alikuwa rubani hodari wa majaribio, kwa hiyo kuongeza mafunzo kusingekuwa dawa. Hatua chache zilizo rahisi kusahaulika ziliandikwa kwenye karatasi fupi, na ndege hiyo ikaja kuwa B-17 iliyotumika sana vitani.

Utaona basi kwamba karatasi ile haikumfundisha rubani kurusha ndege. Zipo orodha za aina mbili. Moja unaisoma hatua kwa hatua huku ukitenda, nayo inafaa kazi isiyofanywa mara kwa mara au ya dharura. Nyingine unafanya kazi yako kwa ujuzi wako, kisha unasimama na kuthibitisha mambo machache ambayo yakikosekana ni hatari. Karani anayejaza tamko la forodha kila siku anahitaji hii ya pili: thamani, nambari ya ushuru ya bidhaa, nchi ya asili, uzito. Mpe ya kwanza naye ataiweka kando, wala hatakuwa na kosa. Hilo linajibu swali la sura moja.

Mpishi wa Nyali

Jikoni sisi tunafuata mfumo wa HACCP, yaani wa kutambua hatari za chakula na kuzidhibiti katika hatua zilizo muhimu, uliobuniwa miaka ya 1960 na kampuni ya vyakula ya Pillsbury ikishirikiana na NASA, shirika la anga la Marekani, ili chakula cha wanaanga kisiwe na vijidudu. Faida yake ni kwamba hauanzi na hatua zote. Unaanza kwa kuuliza ni wapi hasa chakula kinaweza kudhuru, halafu unaweka kipimo pale. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupozwa. Kinachohifadhiwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5, na kinachosubiri kupakuliwa kiwe juu ya nyuzi 60. Katika joto la pwani hilo si jambo la kupuuzwa, na jiko lenu la Changamwe lianze hapo.

Jambo ambalo taratibu nyingi hulisahau ni hili: kipimo kikivukwa, nani anafanya nini? Mpishi akikuta pilau lina nyuzi 45, karatasi imwambie alitupe au alipashe moto, na isimlazimu kumtafuta meneja ili apate ruhusa ya kutupa. Andika pia kwamba hataadhibiwa kwa hasara hiyo. Usipoandika, kipimajoto kitasoma 60 kila siku ya Mungu.

Mkaguzi wa Hesabu

Naomba nimtetee mkurugenzi kidogo. Ukurasa wa mtunza ghala ni mzuri, lakini je, una tarehe? Una mwenye dhamana? Sheria au kanuni ikibadilika, nani ataubadilisha? Tarehe 1 Julai 2016, sharti la kimataifa la kuthibitisha uzito wa kontena kabla ya kupakiwa melini lilipoanza kutumika, wasafirishaji walitakiwa ama kulipima kontena lililokwisha jazwa, ama kupima mzigo na vifungashio vyote kisha kujumlisha uzito wa kontena tupu. Karatasi yoyote ya zamani iliyobaki ukutani siku hiyo ilikuwa inapotosha. Sura moja ibaki kwenye kichwa cha ukurasa tu: jina la kazi, toleo, tarehe, mwenye dhamana. Chini yake kila idara iandike inavyofaa.

Binti wa Kisauni

Shukran sana kwenu nyote. Pendekezo la mkaguzi nadhani litamridhisha mkurugenzi, na nambari ya sili tutaanza kuisoma watu wawili mbele ya kontena. Limebaki la madereva na mautingo. Wengi hawapendi karatasi, na wengine kusoma kunawapa tabu. Wao nitawaandikiaje?

Fundi wa Miritini

Usiwaandikie kwanza, dada. Nenda yadi alfajiri, umwombe dereva mzoefu akague lori lake huku akikueleza kwa sauti, nawe uandike maneno yake kama alivyoyasema: breki, matairi, kufuli za kontena kwenye tela, taa. Utashangaa ni mangapi anayafanya ambayo hayamo katika jalada lenu. Kisha mpe dereva mwingine karatasi hiyo, au umsomee, akague lori lile lile wewe ukitazama bila kusema neno. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha. Picha za kufuli iliyofungwa na isiyofungwa zitawasaidia wote, wanaosoma na wasiosoma.

Halafu, ikiwa mko watu 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka muwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Karatasi za yadi zipitie huko kabla ya mkurugenzi kuzitia saini, na dereva aliyekueleza awemo kikaoni siku hiyo.