Familia ya Katuba: nyumba ya Trésor

Trésor (Kolwezi), 18:02
Jambo zenu nyote. Nimepata nyumba! Bel-Air, hapo Lubumbashi, vyumba vitatu, lupango (kiwanja cha nyumba) lina ukuta na geti, dola 250 kwa mwezi. Nimeiona kwenye tovuti ya nyumba. [Picha 6]

Trésor, 18:03
Mwenye tangazo anasema watu wanne wanaitaka. Nikituma garanti (kodi ya miezi kadhaa ya dhamana) kwa simu usiku huu ananiwekea. Na komisio ya komisioneri, yaani dalali wa nyumba, naiepuka.

Yaya Mado (ndugu yake mkubwa), 18:05
Trésor, usitume hata franka moja. Tafadhali mdogo wangu.

Yaya Mado, 18:11
Unakumbuka tulivyohama Kalubwe? Kijana aliyejiita komisioneri alinifungulia nyumba kwa funguo zake, nikampa garanti ya miezi mitatu. Siku ya kuhama tunafika na gari, magodoro juu, tunakuta mama mmoja anaanika nguo za watoto uani. Naye alikuwa amelipa, tena kabla yangu. Kupiga simu ya yule kijana, haipatikani. Tulilala kwa Mama wiki tatu, watoto kwenye mkeka.

Mama, 18:13
Wiki tatu na siku mbili.

Trésor, 18:16
Pole yaya. Lakini huyo alikuwa komisioneri! Ndiyo maana napenda tovuti, bei naiona, picha naziona. Komisioneri anakulipisha pesa ya matembezi, anakuzungusha kwanza kwenye nyumba mbili mbovu ili ya tatu uione nzuri.

Baba Mdogo Kabamba, 18:24
Trésor hasemi uongo. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa. Komisioneri hali mpaka mpangaji akubali, kwa hiyo neno "usiichukue" ni gumu kutoka mdomoni mwake. Mimi nililisema mara chache, na ningelisema zaidi. Lakini nyumba nyingi za mji huu haziingii kwenye intaneti. Mwenye lupango anamwambia mtu anayemjua, na rangi haijakauka mpangaji ameshapatikana. Wa kutufikisha kwenye nyumba hizo ni mtu.

Fabrice (Texas), 18:31
Huku Marekani ajenti lazima awe na leseni ya jimbo, na akifanya kosa anaweza kunyang'anywa. Tangu Agosti 2024, kwa sehemu kubwa, ajenti hakutembezi kwenye nyumba ya kununua mpaka mmeandikiana mkataba unaosema atalipwa kiasi gani. Tovuti nazo ni kubwa. Zillow inakadiria bei ya nyumba kwa kompyuta, ikafika hata kununua nyumba yenyewe. Novemba 2021 ikatangaza kuacha biashara hiyo kwa sababu ilishindwa kubashiri bei. Mimi naifungua kila siku kujua bei za mtaa. Kuhusu ukuta na paa namwuliza mtu aliyesimama pale.

Trésor, 18:34
Sawa, lakini hapa kwetu nitamshika nani?

Baba Mdogo Kabamba, 18:39
Unamshika mwenye lupango. Umwone kwa macho, akuonyeshe kitambulisho na cheti cha usajili wa kiwanja, majina yafanane. Kisha jirani athibitishe kwamba ndiye. Garanti gani anataka huyo wako?

Trésor, 18:40
Miezi sita.

Baba Mdogo Kabamba, 18:42
Sheria ya upangaji ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Siku utakayotaka kununua tutakaa chini, maana hapo kuna sheria ya ardhi ya 1973. Udongo ni wa Serikali, na haki yako juu yake inasimama kwenye cheti kile cha usajili. Barua ya chifu wa mtaa haitoshi.

Yaya Mado, 18:50
Fungueni picha ya nne, ya sebule. Kuta zimefifia, ila kutoka chini mpaka usawa wa goti rangi ni mpya. Na mlango umetafunika kwa chini. Maji yanaingia humo.

Trésor, 18:52
Nimeitazama mara kumi. Sikuona.

Nadine, 18:55
Yaya Trésor, mimi niko Kampemba, si mbali. Kesho asubuhi nitapita.

Nadine, kesho yake, 10:41
Nimefika. Nyumba ipo, ni ileile. Mwenyewe ni mzee anayekaa nyumba ya pili. Yule wa tangazo hamjui, na picha hajui nani alizipiga. Yeye anataka dola 180, garanti miezi mitatu. Mama anayeuza makaa ng'ambo ya barabara ameniambia mwaka jana mwezi wa kwanza walitoa maji kwa ndoo usiku kucha. Mzee hakuficha, amenionyesha mfereji aliochimba nyuma.

Trésor, 10:44
Nilikuwa nimeshaandika namba ya yule wa tangazo kwenye simu. Nilibakiza kubonyeza tu. Aksanti, Nadine. Aksanti, yaya.

Baba Mdogo Kabamba, 10:58
Kuna mbili Kamalondo, wenye nyumba nawafahamu. Sichukui komisio kwa mtoto wangu. Lakini uje mwenyewe, na kama mvua inanyesha siku hiyo, ndiyo siku nzuri ya kuziona.

Trésor, 11:02
Jumamosi nachukua basi la alfajiri. Yaya, utanisindikiza?

Yaya Mado, 11:03
Nitakungoja kwa Mama. Vaa buti.