Naombeni ushauri: shairi langu la vita linatoka tamu kuliko yaliyomo

Wakuu habari za jioni. Niko Ujiji, naandika mashairi tangu shule, ila hili limenikwamisha. Kuna mama jirani alivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, 1996 vita ilipowafikia. Huwa namsaidia kuanika dagaa Kibirizi, siku moja bila kuulizwa akasimulia boti lilivyojaa, na mtoto aliyebaki ng'ambo, af akanyamaza akaendelea kugeuza dagaa. Baadaye akaniambia we si unaandika, andika hayo, ila jina langu usiweke. Nimeandika tarbia, beti za mistari minne, mizani (silabi) 16 kila mstari, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, lakini nikilighani linakuwa kama la harusi, nikifika ubeti wa mtoto sauti inapanda vizuriii na roho inaniuma kabisa. Niache vina? Au sisi ambao hatukuwepo tusiguse haya mambo?

Mwl wa Tabora: Usiache vina kijana, viharibu kwa makusudi. Kuna askari wa Kiingereza, Wilfred Owen, 1917 alilazwa hospitali ya Craiglockhart kule Edinburgh kwa mshtuko wa vita, akakutana na mshairi mwenzake Siegfried Sassoon aliyepitia rasimu za Owen. Huyo Owen alikuwa na vina visivyotimia, konsonanti zinabaki zilezile vokali inabadilika, sikio linasubiri kitu hakifiki. Kwetu inawezekana, ubeti wa kwanza funga -ma zote, ukifika kwa mtoto weka -ma, -mi, -mo. Msikilizaji atashtuka bila kujua kwa nini. Owen aliuawa 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla Vita ya Kwanza ya Dunia haijaisha, inaniuma mpaka leo.

Malenga Mwanga: Mwalimu shikamoo, ila hapo sikubali. Shairi lisilo na vina kamili wazee watasema hajui kutunga, wataacha kusikiliza maumivu waanze kuhesabu makosa. Tatizo ni bahari, yaani aina ya shairi. Toka kwenye tarbia nenda utenzi, mizani 8, kina cha kati hakuna, unasimulia tu huna nafasi ya madoido. Hemedi Abdallah el-Buhriy alisimulia hivyo vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kule pwani ya Mrima. Na hilo la kutokuwepo, Shaaban Robert alitunga utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945 akiwa karani wa serikali hapahapa Tanganyika, hakushika bunduki.

Dada Kasulu: Mi nimekaa sana na watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nazungumzia huyo mama maana nyie mko kwenye vina tu. Ameshakwambia andika, sawa, ila usirudi kumchimba et boti lilikuwa rangi gani, mtoto alivaa nini. Alichotoa kinatosha. Kabla hujaghani popote msomee yeye kwanza, mchana, sio usiku akabaki peke yake nalo, na umwambie mapema kwamba akisema ubeti huu toa unautoa hata kama ndo mzuri kuliko yote. Hata jina la kijiji toa, huku watu wa Fizi wanajuana.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Mwalimu na Malenga nimejaribu vyote, utenzi umekubali, na ubeti wa mtoto nimeuvunja vina, Malenga utanisamehe hapo. Dada, kijiji nilikuwa nimekitaja, nimekitoa sasa hivi. Jumamosi mchana nitamsomea Mama.